Chembe nano, mtoto wa kike na uzazi wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Ukurasa huu ni kwa akina mama, wakunga, walimu na wanafunzi wa Lubumbashi wanaouliza kama moshi wa mbabula (jiko la makala, yaani mkaa), vumbi la madini na bidhaa za dukani vinaweza kumdhuru mtoto wa kike hata kabla hajazaliwa, na madhara yake yakaonekana pale atakapotaka kuzaa. Pale ambapo ushahidi umetoka kwa panya, tumesema ni panya. Pale ambapo umetoka kwa binadamu, tumesema hivyo.

Chembe nano ni nini, na zina tofauti gani na vumbi la kawaida?

Ni chembe zenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Milimita moja ina nanomita milioni moja, na unywele wa kichwa una upana wa nanomita 80,000 hivi. Vumbi unaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha si chembe nano. Lile ni kubwa mno.

Tofauti haiishii kwenye ukubwa. Chukua punje moja ya vumbi yenye upana wa mikromita 10 (mikromita moja ni nanomita 1,000). Ukiisaga mpaka iwe chembe za nanomita 100, uzito unabaki uleule, lakini sasa una chembe milioni moja, na eneo la nje la chembe hizo kwa jumla limeongezeka mara 100. Sumu inashika, na inafanya kazi, kwenye eneo hilo la nje. Ndiyo maana mashine zinazopima uchafu wa hewa kwa uzito haziwezi kuonyesha hatari hii vizuri: mamilioni ya chembe nano yana uzito mdogo sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishauri chembe hizi zihesabiwe. Wastani wa saa 24 ulio chini ya chembe 1,000 kwa sentimita moja ya ujazo ni mdogo; unaozidi 10,000 ni mkubwa.

Hapa mjini zinatoka wapi?

Kwa familia nyingi, zinatoka kwenye moto. Kila kinachoungua hutoa masizi, na sehemu kubwa ya masizi, ukiyahesabu chembe kwa chembe, ni nano: makala na kuni, dizeli ya malori na ya gurupe (jenereta) zinazowashwa umeme ukikatika, takataka na mifuko ya plastiki inayochomwa uani, nyasi zinazoungua wakati wa kiangazi kati ya Mei na Septemba.

Chanzo cha pili ni chuma kinachopata joto kali. Kusudura (kuchomelea vyuma), kuyeyusha betri za gari, kumimina sufuria za aluminiamu, na viwanda vya kuyeyusha shaba hutoa mvuke wa metali ambao ukipoa hewani unageuka chembe nano. Lubumbashi imeyeyusha shaba tangu mwaka 1911, na udongo wa vitongoji vilivyo upande unakoelekea upepo umebeba alama ya kazi hiyo.

Vumbi la kuponda na kusaga mawe ya madini lenyewe, kwa uzito, mara nyingi ni la mikromita na si la nano. Lina hatari yake kubwa, ila tusichanganye mambo mawili. Tutalirudia chini.

Chanzo cha tatu ni chembe zilizotengenezwa kwa makusudi: dioksidi ya titani katika rangi, vidonge na vipodozi, oksidi ya zinki katika krimu za jua, fedha katika baadhi ya bandeji na maji ya dawa, mirija ya kaboni viwandani.

Kwa nini swali hili linamhusu mtoto wa kike zaidi, tena akiwa bado tumboni?

Kwa sababu mwanamke hatengenezi mayai mapya. Mwanamume akishabalehe anatengeneza mbegu mpya kila siku hadi uzee. Mwanamke mayai yake yote yalianza kutengenezwa akiwa ndani ya tumbo la mama yake. Mimba ikifika wiki ya 20 hivi, ovari za mtoto zina mayai kama milioni 6 hadi 7. Siku ya kuzaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo yanabaki 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote, yatakayopevuka na kutoka ni 400 hadi 500 tu.

Kupungua huko ni kwa kawaida. Kila mwanamke anakupitia. Kinachotutia wasiwasi ni kitu kinachoongeza kasi yake, au kinachoharibu mayai katika miezi ile ambayo kila yai linazungushiwa chembe hai za kulilisha na kuwa kifuko kamili. Hasara ya wakati huo hailipwi baadaye. Tena binti hataona dalili yoyote kwa miaka 20 au 30, mpaka hedhi ikatike mapema au mimba isishike.

Kuna kipindi kingine cha hatari ambacho watu wengi hawakijui. Mtoto wa kike akishazaliwa, homoni za ubongo zinazoamsha ovari hupanda tena kwa miezi kadhaa, na kwa wasichana zinaweza kukaa juu hadi karibu miaka 2, kabla ya kutulia mpaka balehe. Kwa hiyo tunaposema «utoto wa mwanzo» tunahesabu mimba pamoja na miaka hiyo 2.

Chembe zinamfikiaje mtoto? Si kuna kondo la kumkinga?

Kondo linazuia mengi, ila si kila kitu. Chembe nano ukiivuta inafika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vya hewa, na sehemu ndogo inapenya kuingia damuni. Ikimezwa, sehemu ndogo inapita ukuta wa utumbo. Mara tu inapoingia damuni inavishwa protini za damu, na vazi hilo ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa itapokelewa wapi.

Kwa binadamu tuna ushahidi wa moja kwa moja. Mwaka 2010 watafiti wa Uswisi walipitisha vishanga vya plastiki kwenye makondo yaliyotoka kwa akina mama waliokwisha kujifungua. Vishanga vya hadi nanomita 240 vilivuka upande wa mtoto. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, kilionyesha chembe za masizi upande wa mtoto wa kondo. Akina mama walioishi penye moshi mwingi wa magari walikuwa na wastani wa chembe 20,900 kwa milimita moja ya ujazo. Walioishi penye moshi kidogo, 9,500. Mwaka 2022 watafiti wa Hasselt na wa Aberdeen, Scotland, walikuta masizi ndani ya mapafu, ini na ubongo wa vijusi vya miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya pili. Akina mama wale hawakuwa wavutaji sigara.

Kwa hiyo hatujadili tena kama masizi yanafika. Yanafika. Mjadala uliobaki ni yanafanya nini, na kwa kiasi gani.

Yakifika, yanaharibu nini?

Njia inayojulikana zaidi ni kuzalisha molekuli kali za oksijeni ndani ya chembe hai. Yai lina mitokondria (vijisehemu vinavyozalisha nguvu) nyingi kuliko karibu chembe hai nyingine yoyote mwilini, na hizo ndizo zinazoumia kwanza. Zikiumia, yai linajiua lenyewe.

Njia ya pili ni uchochezi wa mwili: mapafu ya mama yanawaka, ishara zinasambaa damuni, kondo linaathirika hata kama chembe yenyewe haijavuka. Mishipa ya tumbo la uzazi inashindwa kutanuka vizuri, na damu inayomfikia mtoto inapungua. Katika wanyama njia hii isiyo ya moja kwa moja imeonekana tena na tena, na kwa maoni yetu inapewa uzito mdogo kuliko inavyostahili.

Ya tatu ni homoni. Chembe kadhaa zimevuruga vimeng'enya vinavyotengeneza estrojeni na projesteroni kwenye ovari za panya.

Ya nne ni mzigo uliobebwa. Masizi hayasafiri peke yake. Yamebeba kemikali za moshi kama benzopairini, ambayo katika wanyama imethibitika kuua mayai. Chembe za metali nazo zinayeyuka polepole na kuachia kobalti, shaba au risasi pale zilipotua. Mfano wa binadamu tunaoujua vizuri ni sigara: wanawake wanaovuta hufikia ukomo wa hedhi mapema, kwa wastani mwaka mmoja au zaidi.

Majaribio ya wanyama yameonyesha nini hasa?

Jaribio linalotajwa sana ni la Wajapani la mwaka 2011. Waliwadunga panya wajawazito chembe za silika za nanomita 70 na za dioksidi ya titani za nanomita 35. Vijusi vikawa vidogo na vingine vikafa. Silika ileile ikiwa ya nanomita 300 au 1,000 haikuleta madhara hayo. Halafu walipobadilisha kemia ya uso wa zile chembe ndogo, madhara yakaondoka. Somo lake ni kubwa: usiulize tu «ni nano?», uliza pia «uso wake ukoje?»

Huko West Virginia, Marekani, panya wajawazito walivutishwa hewa yenye dioksidi ya titani. Mishipa ya tumbo la uzazi ikapoteza uwezo wa kutanuka, na watoto waliozaliwa walikuwa na mishipa yenye kasoro hata walipokuwa wakubwa. Denmark, mwaka 2017, mirija ya kaboni iliyowekwa kwenye njia ya hewa ya panya majike ilivuruga mzunguko wao wa uzazi na kuchelewesha uzao wa kwanza, lakini idadi na afya ya watoto havikubadilika. Majike hao walikuwa wakubwa tayari, kwa hiyo jaribio hilo halijibu swali la utotoni. Na panya waliolishwa dioksidi ya titani kwa siku 90 walionyesha ovari zilizoumia na homoni zilizobadilika.

Dozi hizo zinalingana na maisha yetu?

Mara nyingi hapana, na msomaji anastahili kulijua hili kabla hajaogopa. Miligramu 10 kwa kilo kwa siku ni dozi ya kawaida katika majaribio ya kulisha. Ili kuihamisha kutoka panya mdogo kwenda kwa mtu kwa kufuata eneo la mwili, unagawanya kwa 12.3, unapata miligramu 0.8 kwa kilo: kwa mama wa kilo 50 ni miligramu 40 kila siku. Kudunga kwenye mshipa nako kunaruka mapafu na utumbo, yaani vizuizi viwili vikubwa tulivyo navyo.

Upande wa pili wa mizani: panya wa maabara anapewa chembe moja, safi, kwa wiki chache. Mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi, anapata masizi, metali na vumbi kwa pamoja, kila siku, kwa miaka, na pengine ana upungufu wa damu juu yake. Dozi kubwa za maabara hazitoshi kutuambia kwamba yuko salama.

Basi binti yangu aliyezaliwa nikipikia makala atakuwa mgumba?

Hapana, hakuna mtu anayeweza kusema hivyo, na mganga au mhubiri akikuambia hivyo usimsikilize. Hakuna utafiti wa binadamu uliofuata wasichana kutoka tumboni hadi uzazi na kuthibitisha kwamba chembe nano ziliwafanya wagumba. Kwa binadamu, kilichothibitika sana kuhusu hewa chafu wakati wa mimba ni watoto kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo. Hayo peke yake yanatosha kutufanya tupunguze moshi.

Tena ugumba tunaoukuta zaidi katika sehemu hii ya Afrika una sababu zinazojulikana na zinazozuilika: mirija ya uzazi kuziba kwa sababu ya klamidia, kisonono, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa vibaya. Na mwanamume naye anachangia. Mwanamke asipopata mimba, mume apimwe mbegu mapema. Ni kipimo rahisi na kinaokoa miaka ya lawama.

Mume wangu anafanya kazi machimboni. Hiyo inahusika?

Inahusika, ijapokuwa hapa tunazungumzia vumbi la metali la kila ukubwa. Utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile na wasio nazo. Baba akiwa na kazi ya kulipwa ya madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa mara 5.5. Kadirio hilo ni pana kwa sababu watoto waliochunguzwa walikuwa wachache, lakini mwelekeo wake ni mzito. Kabla ya hapo, mwaka 2009, timu hiyo ya vyuo viwili ilikuwa imeonyesha kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana kwenye mkojo, watoto wakiwemo.

Jambo moja ambalo kila mkunga anapaswa kulisema kwenye CPN (kliniki ya wajawazito): utumbo wenye uhaba wa chuma unanyonya kobalti nyingi zaidi, kwa sababu metali hizi mbili zinapita mlango uleule. Mjamzito mwenye upungufu wa damu anachukua sumu zaidi kutoka vumbi lilelile. Zile tembe za chuma na asidi foliki (chuma miligramu 30 hadi 60, asidi foliki mikrogramu 400 kwa siku) zinamkinga kwa njia hii pia. Akizimeza na chai, chuma hakiingii vizuri. Azimeze na maji au na chungwa, chai aiache mpaka saa moja au mbili zipite.

Nguo za kazi zishughulikiwe vipi?

Zisiingie ndani. Anaporudi, avue viatu na nguo uani au kwenye kibaraza, anawe uso, nywele na mikono, ndipo ambebe mtoto. Nguo zisikung'utwe, maana kukung'uta ndiko kunakorusha vumbi lililo laini kuliko yote. Ziloweke kwenye beseni lake peke yake, uzisuuze mara moja bila sabuni, umwage maji mbali na kisima na mboga, kisha ufue kwa sabuni. Beseni hilo lisioshewe mtoto. Mama mjamzito akiweza kumwachia mwenye nguo kazi hiyo, ni vizuri zaidi. Asipoweza, afue zikiwa zimelowa tayari.

Mawe na mifuko ya madini isilale chumbani. Akina mama wanaoosha madini mtoni wasiende na watoto wachanga mgongoni, na maji ya chini ya mahali pa kuoshea yasichotwe kwa kupikia.

Jikoni nifanye nini, kama sina pesa ya gesi na umeme haupo?

Hapa ndipo kuna faida kubwa kuliko kwenye bidhaa zote za dukani, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Washia mbabula nje. Dakika 10 hadi 15 za mwanzo ndizo zenye moshi mwingi kuliko upishi wote unaofuata. Tumia vijiti vikavu au vigunzi vya mahindi, weka moto juu ya makala na si chini yake, ili moshi wa yale ya chini upite kwenye moto na kuungua. Mfuko wa plastiki, kipande cha mpira au chupa kama kiwashio, hapana kabisa: ule moshi mweusi ni masizi yaliyobeba kemikali mbaya kuliko zote tulizozitaja. Makala yawe makavu. Yaliyonyeshewa yanafuka kwa muda mrefu. Subiri mpaka yawe mekundu na kufunikwa jivu jeupe.

Watu wengi wakishaona moshi umekwisha wanaingiza mbabula ndani. Hilo ni kosa linaloua. Makala mekundu hayana moshi unaoonekana lakini yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, na mtoto aliye tumboni anaumia nayo kabla mama hajahisi kichwa kuuma. Tena chembe nano bado zinatoka, ila ni ndogo mno kwa jicho. Kama mvua ya Januari inakulazimisha kupika ndani, fungua mlango na dirisha la upande wa pili ili hewa ipite, na mbabula ikae karibu na dirisha. Usilale nayo.

Mjamzito na mtoto wasikae kwenye moto bila sababu. Mtoto wa mgongoni anavuta hewa ileile unayovuta wewe. Mwachie dada yake au shangazi wakati wa kuwasha, kisha umchukue. Sombe (majani ya muhogo) na maharage vinakula saa nyingi za moto: loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, punguza makala maji yakishachemka. Mbabula iliyoboreshwa yenye ukuta wa udongo inatumia makala machache, na makala machache ni chembe chache.

Gurupe likae mita 6 au zaidi kutoka dirishani, ekzosi ikitazama upande mwingine, kamwe lisiwe kwenye korido au verandani. Kufagia kavu kunarusha vumbi hewani: nyunyiza maji kwanza, au pangusa kwa kitambaa kilicholowa. Mikono ya mtoto inawe kabla ya kula, kwa sababu mtoto anayetambaa anakula vumbi jingi kuliko analolivuta.

Barakoa inasaidia? Chembe si zinapita matunduni?

Hili linashangaza wengi: chembe nano ni rahisi kukamatwa na kichujio kizuri kuliko chembe za ukubwa wa wastani. Ni nyepesi mno hata zinayumbishwa na molekuli za hewa, zinagonga nyuzi na kunasa. Barakoa ya FFP2 inazuia angalau asilimia 94 ya chembe za majaribio, N95 asilimia 95. Tatizo liko pembeni, puani na mashavuni, ambako hewa inaingia bila kuchujwa. Bana waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili, vuta pumzi kwa nguvu. Kama ukiona barakoa inanyonywa kuelekea usoni, imekaa. Ndevu zinaiharibu. Kitambaa au barakoa ya upasuaji hufanya kazi ndogo sana hapa, na kuilowesha maji hakuongezi kitu. Ikichafuka au ikianza kuzuia pumzi, itupe.

Wafanyakazi wanasema maziwa yanasafisha mapafu. Ni kweli?

Si kweli. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko mapafuni. Ni chakula kizuri, unywe kama chakula. Dawa za «kusafisha damu» zinazouzwa sokoni mjamzito asizitumie. Hata dawa halisi za hospitali za kutoa metali hutolewa kwa uangalizi wa daktari tu, na baadhi zina hatari kwa mimba.

Niache kunyonyesha?

Usiache. Faida ya ziwa la mama ni kubwa kuliko hatari yoyote ya chembe tunayoijua, na miezi 6 ya mwanzo mtoto apewe ziwa peke yake. Chupa ndiyo yenye tatizo lake: mwaka 2020 watafiti wa Dublin, Ireland, walipima chupa za polipropilini na kukuta zinaachia hadi chembe milioni 16 za plastiki kwa lita, na joto ndilo linalozidisha. Kama lazima utumie maziwa ya kopo, chemsha maji kwenye sufuria ya chuma, changanya unga katika chombo cha kioo au chuma maji yakiwa na joto lisilopungua digrii 70, yaache yapoe humo humo, kisha ndipo umimine kwenye chupa. Usitikise maji ya moto ndani ya plastiki, wala usiipashe moto.

Vipodozi, dawa za meno, peremende nyeupe?

Dioksidi ya titani ya kwenye chakula inaandikwa E171 kwenye kifungashio. Ufaransa iliizuia kuanzia mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2022, kwa sababu haikuwezekana kuondoa shaka kwamba inaweza kuharibu chembe za urithi. Marekani bado inaruhusu, na wataalamu wa kimataifa wa viungio vya chakula waliipitia tena mwaka 2023 bila kuona haja ya kikomo. Kwa kuwa haina lishe yoyote, kazi yake ni weupe tu, sisi tunashauri mjamzito na mtoto mdogo waiache. Tembe ya hospitali yenye rangi nyeupe usiiache kwa sababu hiyo.

Krimu ya jua yenye zinki au titani kwenye ngozi nzima haipenyi kwa kiasi cha maana. Kilicho hatari ni kuivuta: epuka ya kupuliza na poda inayorushwa hewani karibu na mtoto. Maji ya fedha yanayouzwa kama dawa ya kila ugonjwa, usimpe mtoto wala usinywe ukiwa na mimba.

Na pemba ninayotafuna nikiwa mjamzito?

Acha kabisa. Udongo huo unaweza kuwa na risasi, na unazuia chuma kuingia mwilini, yaani unafungua mlango kwa kobalti kama tulivyoeleza. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Omba kupimwa hemoglobini.

Kuna kipimo cha chembe nano mwilini?

Cha kliniki, hakuna. Mkojo unaweza kupimwa kobalti au metali nyingine, lakini jibu linasema kiasi cha metali, halisemi iliingia ikiwa na ukubwa gani. Kipimo cha homoni ya AMH kinakadiria akiba ya mayai. Kwa mwanamke ambaye hajaanza kutafuta mimba hakitabiri kama atazaa, na kumpima msichana mwenye afya kwa hofu ya moshi ni kupoteza pesa.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kulichunguza hili kwa panya. Wapi watu hukosea?

Kosa la kwanza ni takwimu. Ukiwapa chembe majike 6 wajawazito wakazaa binti 40, una sampuli 6, si 40. Watoto wa mama mmoja wanafanana. Kipimo chako ni uzao.

La pili ni chembe zenyewe. Unga wa kwenye kopo umeandikwa nanomita 20, ukiutia kwenye maji unagandamana kuwa vidonge vya mikromita. Pima ukubwa katika kimiminika kilekile utakachotoa, siku ileile. Mfumo unaotumiwa sana Ulaya ni miligramu 2.56 kwa mililita katika maji yenye albumini asilimia 0.05, kisha mawimbi ya sauti ya probu kwa dakika 16, chombo kikiwa kwenye barafu. La tatu: chembe za fedha au zinki zinayeyuka, kwa hiyo uwe na kundi linalopewa chumvi ya metali hiyo bila chembe, la sivyo hutajua ni nani aliyedhuru. La nne ni endotoksini za bakteria kwenye unga. Zinaleta uchochezi ambao utausingizia chembe.

Kumbuka saa ya panya. Vifuko vya mayai vya binadamu huanza kuundwa katikati ya mimba, vya panya huundwa karibu na siku ya kuzaliwa na siku chache baadaye. Kumpa kinda wa siku 2 ni kama kumgusa mtoto wa binadamu aliye bado tumboni. Kisha pima umbali kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri, ukigawanya kwa kipeuo cha tatu cha uzito. Siku uke unapofunguka. Mzunguko kwa kuchukua ute kila siku kwa wiki 2 hadi 3, ukitegemea mizunguko ya siku 4 hadi 5. Na idadi ya vifuko kwenye vipande vya ovari nzima, anayehesabu akiwa hajui kipande ni cha kundi gani. Mwongozo wa majaribio namba 443 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) unaupanga mtiririko huu vizuri.

Ni lini nimpeleke binti au nijipeleke mwenyewe hospitali?

Matiti yakianza kabla ya miaka 8, au yasipoanza kufikia miaka 13. Hedhi isipokuja kufikia miaka 15, au miaka 3 ikipita tangu matiti yaanze. Ikikatika siku 90 bila mimba. Ikimwangusha kitandani kwa maumivu kila mwezi: mabinti wengi wanaambiwa wavumilie, nao huenda wana endometriosi (tishu kama ya ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi kuota nje yake). Mwanamke wa chini ya miaka 35 asubiri mwaka mmoja wa kutafuta mimba. Mwenye 35 na zaidi, miezi 6. Hedhi ikianza kuruka-ruka kabla ya miaka 40, aende bila kusubiri. Aende na tarehe za hedhi za miezi 3 hadi 6 zilizoandikwa kwenye daftari, na amweleze daktari kazi yake, kazi ya mume, nishati ya kupikia na mahali alikozaliwa. Daktari asipouliza, amwambie mwenyewe.